Kipande cha Kurudi

Limi mwanangu,

Mambo ya sabuni, mashuka na tiketi ya treni baba yako amekwisha kukueleza, na shangazi yako akayarudia mpaka ukacheka. Mimi siyaongezi. Nimekaa jikoni, ng'ombe wanaingia zizini, na wewe uko nje unaagana na wenzako. Nataka nimalize kuandika kabla hujaingia, maana nikikutazama usoni maneno haya hayatatoka.

Leo mchana ulikuwa umekaa barazani unapanga nguo kwenye sanduku, ukawa unauimba kwa pua wimbo ule ninaoupiga kwenye kinanda cha mdomo. Mimi nilikuwa ndani napepeta mtama. Uliimba kipande cha kwanza, kile cha mwendo wa pole. Ukaimba cha pili. Halafu hukunyamaza kama mimi ninavyonyamaza. Uliendelea na cha tatu, kile cha kurukaruka, ukakimaliza chote huku kisigino chako kikipiga sakafu. Ungo uliniponyoka. Nikatoka nikakuuliza kipande hicho umekitoa wapi, ukanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si wewe, Mama, unayekipiga kila siku?"

Nikasema ndiyo, nikarudi ndani kuokota mtama. Lakini Limi, sijawahi kukipiga katika nyumba hii. Kilipopigwa hapa kijijini, wewe ulikuwa Kishapu kwa bibi yako mzaa baba, na uliporudi, yule aliyekuwa akikipiga alikuwa keshaondoka. Ndiyo maana nakuandikia. Si kwa kukutisha. Nataka tu ujue umebeba nini.

Mjomba wako Mabula huwezi kumkumbuka vizuri. Alirudi kutoka vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, amekonda, ana koti la jeshi, na mfukoni ana kile kinanda. Wimbo aliupata India, kambini, walipokuwa wakingoja kupelekwa mbele. Aliyemfundisha ni Mmarekani mmoja mweusi, dereva wa lori. Mabula alisema mtu yule alikuwa mrefu, mcheshi, na alipokula wali alifunga macho.

"Wimbo wenyewe wanauita jazi," Mabula aliniambia. "Kwao mtu akifa wanamsindikiza kwa tarumbeta na ngoma. Wakienda, wanaupiga pole pole. Wakifika kaburini, wanampigia kama wanamwita. Wakishamfukia, wanageuka, na wimbo uleule unageuka. Wanarudi nyumbani wakicheza."

"Wanacheza msibani?"

"Wanacheza. Yule bwana alisema hata maiti anafurahi kusikia kwamba waliomleta wamefika salama."

Basi Mmarekani yule akahamishwa kabla hajamaliza kufundisha. Mabula alipata kipande cha kwenda na kipande cha kaburini. Cha kurudi hakukipata. Hakuwa mwanafunzi peke yake; alijifunza pamoja na Masele, kijana wa kijiji hiki hiki, mtoto wa pekee wa Bibi Nkwimba, yule bibi wa kule kwenye mawe uliyekuwa ukimpelekea maziwa. Masele hakurudi na wenzake. Jeshi lilileta habari kwamba amepotea msituni, na kwa lugha ya jeshi sote tulielewa maana yake.

Mabula alinifundisha kiangazi kile, chini ya upenu wa nyumba ya baba yetu. Mara ya kwanza nilipuliza tundu zote kwa pamoja, mbuzi wakakimbia.

"Hupozi uji," akasema. "Ziba hizi kwa ulimi, acha tundu moja tu. Sasa usipulize, vuta. Vuta kama mtu anayekunywa chai ya moto."

Nilidhani sauti hutoka kwa kupuliza tu, kama filimbi za wachunga ng'ombe. Kumbe wimbo ule karibu wote ni wa kuvuta pumzi ndani, na ndiyo maana unalia vile. Mwanzoni kabisa pana mahali ambapo sauti inapindwa: unarudisha ulimi nyuma, unakaza koo, na ile sauti inashuka taratibu kama ng'ombe anayepiga magoti ili alale. Hapo palinishinda muda mrefu. Midomo ilichanika. Baba yako aliwaambia rafiki zake, "Mke wangu siku hizi anatafuna chuma," wakacheka sana, nami nikaona haya lakini sikuacha.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kila nikipata mistari miwili, nilitaka kuuparamia wote. Mabula alinishika mkono siku moja. "Holo," akasema, "unakimbilia mwisho, na mwisho wenyewe hatuna."

Mwaka uliofuata alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Alipanda lori la pamba mpaka Kahama, akaendelea kwa kupitia Bugarama. Kinanda aliniachia. Alisema vumbi la shimoni lingekiua. Kisha ikaja habari, imeletwa na mtu aliyetoka Runzewe akipita kwenda kwao: mwamba umeanguka, mlango wa shimo umezibwa, Mabula na wenzake wamebaki ndani. Hapakuwa na maiti wa kuleta. Wazee wakasema tuzike shati lake, na kaburi lile unalolipita ukienda kisimani, ndani yake mna shati.

Nilishindwa kulia pale. Mtu analiaje shati? Nilikaa na wanawake wenzangu, nikafunika kichwa, nikawa najiuliza kama vifungo vyote vilikuwepo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa wakati mtama umesimama juu ya vichwa vya watu, masuke yamejaa. Wewe nilikuwa nimekupeleka Kishapu kwa sababu ya surua iliyoingia huku. Tulikuwa wanawake kadhaa mtoni, tunachimba mchanga kupata maji, jua limesimama utosini. Hapakuwa na upepo. Mtama haukutikisika. Ndipo tukasikia kinanda.

Kilitoka shambani kwa Bibi Nkwimba, upande wa mawe. Kilikuwa kinakwenda pole pole. Ile sauti ya kupindwa ya mwanzo, ile iliyonichana midomo, ilishuka vizuri, ikapiga magoti, ikatulia. Kata ilibaki mkononi mwangu, maji yakamwagika miguuni nisiyasikie. Minza, jirani yangu, alikuwa ananiangalia.

"Holo, unasikia?"

"Ni Mabula," nikasema. "Ule ni wimbo wa Mabula."

Nilisema kwa furaha, Limi. Utanielewa siku moja. Mabula mwenyewe alikwisha kuniambia kwamba kulikuwa na mwanafunzi wa pili, lakini nilikuwa nimemsahau Masele kabisa, au nilitaka kumsahau. Kati ya wafu wawili, moyo ulimchagua wa kwangu.

Maneno yale yalifika kijijini kabla ndoo zetu hazijafika. Kufikia jioni, watu hawakusema tena kwamba Holo amesikia wimbo. Walisema Mabula hakufia Geita. Walisema Bibi Nkwimba amemchukua, amemfanya msukule, anamlimisha mtama mchana na kumficha jioni, mawe yakipoa. Kila mtu akakumbuka kitu. Bibi yule anaishi peke yake lakini anasonga ugali wa watu wawili. Macho yake ni mekundu. Shamba lake halina magugu, na yeye mgongo umepinda, nani anampalilia? Macho ya bibi zetu wote ni mekundu kwa moshi wa samadi, hata ya mama yangu yalikuwa hivyo, lakini siku ile hakuna aliyemkumbuka mama yangu.

Asubuhi mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliniita. Alikuwa mtu wa haki, lakini uani kwake vijana walikuwa wamekwisha kukaa na fimbo zao, na nyingine hazikuwa fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Limi. Wanasema umeisikia sauti ya ndugu yako."

"Nimesikia wimbo, baba."

"Wimbo wake?"

Kijana aliyekuwa akinoa panga aliacha. Wote wakanitazama.

"Kesho alasiri tutakutana hapa," mwanangwa akasema. "Utasema mbele ya watu ndiyo au siyo. Ukisema ndiyo, sitaweza kuwazuia hawa."

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba yako. Akasema jambo ambalo nimemheshimu kwalo mpaka leo. "Kama ni yeye, nenda kamwone. Kama si yeye, nenda kamwone."

Nikaenda siku iliyofuata, mchana, wakati uleule. Nilikifunga kinanda katika pindo la khanga. Niliingia kwenye mtama wa Bibi Nkwimba bila kupiga hodi. Ndani mle ni joto, majani yanakata mikono, huoni zaidi ya hatua chache mbele. Nilitaka kurudi. Wimbo ukaanza, karibu sana. Kipande cha kwenda kilipigwa chote. Ukaja wito wa kaburini. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niite jina lake.

Hapo mpigaji akageuza.

Ulikuwa wimbo uleule, mistari ileile, lakini sasa unakwenda kwa miguu, unaruka, unapishana na pumzi zake mwenyewe kama watoto wanaokimbizana. Sikuwa nimeusikia hivyo hata siku moja, na bado niliujua, kama unavyojua njia ya kwenu ukiwa umeingilia upande mwingine. Mabula hakuwa na kipande hicho. Kwa hiyo si Mabula, nikajiambia. Nilisikia ahueni, na papo hapo nikasikia msiba ukinishika kwa mara ya kwanza tangu tuzike shati. Nililia mle mtamani mpaka nikakaa chini.

Aliacha kupiga. Akaja. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, koti la jeshi limechakaa, upande mmoja wa uso umekunjwa na moto. Alikuwa na kinanda chake, kilichobonyea pembeni.

"Mwadila, Holo," akanisalimia kwa Kisukuma.

Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa Masele. Nikamwitikia, na tukakaa pale chini kama watu waliokutana gulioni. Alizungumza kwa vipande, akisimama katikati ya sentensi kusikiliza kitu. Alirudi zamani kidogo, akajificha. Radi ikipiga anapiga kelele na kuchimba ardhi kwa mikono. Mama yake aliogopa wangemfunga kamba kama wanavyowafunga wenye wazimu, akamficha kwenye pango la mawe, akamwambia apige kinanda mchana tu, watu wakiwa mbali. Ndiyo huo ugali wa watu wawili.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia, "Masele, umepata wapi kipande cha kurudi? Yule Mmarekani aliwafundisha lini?"

"Si Mmarekani." Akafuta kinanda kwenye koti. "Mabula amenifundisha."

"India?"

"Hapa. Juzi. Hupita akitoka kazini. Amejaa vumbi, mpaka kope." Akanitazama kwa upole, kama mtu anayeleta salamu. "Anasema wewe una haraka sana. Anasema huko aliko, muda wa kujifunza upo."

Limi, jua lilikuwa kali vile, mtama umesimama kimya, na mimi nikajifunika khanga mabegani kama mwenye baridi. Nilijiambia: waliishi kambi moja, Mabula alimsimulia habari za dada yake. Lakini walipokuwa India, Mabula hakuwa amenifundisha bado. Hakuwa amejua kwamba nina haraka. Sikuuliza tena. Nilisimama, nikamwambia Masele ajifute uso, anifuate, amlete na mama yake.

Uani kwa mwanangwa watu walikuwa wamejaa. Tulipoingia watatu, Bibi Nkwimba katikati ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia, kulitoka mguno kama wa ng'ombe walioona simba. Mwanangwa akainua mkono.

"Mama Limi, sema."

"Nilikosea," nikasema. "Mtoni nilisema nilichokitaka. Nimekwenda kuona. Aliyekuwa akipiga ni huyu, Masele mwana wa Nkwimba. Hakufa, amerudi ameumia. Alijifunza wimbo pamoja na ndugu yangu jeshini. Msalimieni."

Hakuna aliyemsalimia. Kijana mmoja, mwenye panga, akasogea mbele. Hakuwa mbaya; alikuwa ameahidiwa kitu na sasa ananyang'anywa. "Na kwa nini asiseme mwenyewe?" akauliza. "We Masele, ule wimbo, nani kakufundisha?"

Masele akageuka kumtazama. Nikaona uso wake unafunguka, ule upole wake wa kuleta salamu. Alikuwa karibu kumjibu kweli. Angesema tu kwamba ni Mabula, juzi, na bibi yule aliyenishika mkono asingefika jioni.

Nikafungua pindo la khanga. Sikuwa nimewahi kupiga mbele ya watu. Mwanamke, mwenye mume, katikati ya uwanja wa mwanangwa! Nilivuta. Sauti ya kwanza ilitoka mbovu, mtu akacheka nyuma. Nikaivuta tena, nikaacha haraka, nikaisubiri, nayo ikashuka, ikapiga magoti. Nilipiga kipande cha kwenda. Masele alikuwa amekwisha kusahau swali. Alitoa kinanda chake akajiunga nami kwenye kipande cha kaburini, sauti mbili. Mimi nilipofika mwisho wangu niliondoa kinanda mdomoni. Yeye akageuza, akarudi nyumbani peke yake.

Alipomaliza, Minza alikuwa analia. Wa kwanza kumkaribia alikuwa mwanangwa. Alimshika mkono, akasema, "Karibu nyumbani, askari." Ndipo wengine wakaja, mmoja mmoja, na yule kijana akaenda zake akikata nyasi kwa panga njiani.

Nilimwambia baba yako kila kitu isipokuwa lile neno la vumbi kwenye kope. Wewe ndiye wa kwanza.

Masele alikaa nasi majira yale yote akichunga ng'ombe wa mama yake. Mchana nilikwenda kwenye mawe akanifundisha kipande cha kurudi, taratibu, naye hakupata kunisema habari ya haraka. Nilipokiweza, nilikipiga mara moja, chote, bila kosa. Masele akaitikia kwa kichwa. Halafu, nyuma yangu, karibu na sikio, nilisikia mtu akikohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyekula vumbi. Niligeuka. Palikuwa na mawe na mijusi. Masele hakushangaa. Alikuwa anatabasamu akiangalia nyuma yangu.

Tangu siku ile sijakipiga tena. Nimeogopa, nakiri, na sijui kama niliogopa kusikia kile kikohozi mara ya pili au kutokisikia.

Kabla ya mvua Masele aliondoka kwa miguu kuelekea magharibi. Aliaga vizuri, akavaa koti lake. Nilimuuliza Bibi Nkwimba kama tumtafute. Alikuwa anachambua michembe ya viazi, hakuinua macho. "Amekwenda kazini," akasema. Hakurudi. Bibi aliishi miaka mingine mingi, akafa kitandani kwake kwa uzee, nikamwosha kwa mikono yangu. Hilo ndilo ninaloweza kulionyesha kwa watu na kusema, hili nililifanya.

Sikuulizi tena kipande kile ulikipata wapi. Labda nilikiimba usingizini. Labda kuna mtu anayepita nyumbani kwetu mchana tukiwa shambani. Kama yupo, amekufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi, na sina ugomvi naye.

Lakini wewe unakwenda kujifunza uuguzi, Limi, na nimefikiri sana juu ya kazi hiyo. Watu watakufia mikononi. Ndugu zao watakushika nguo, watakuuliza, alisema nini? Alimtaja nani? Watakuwa na jina tayari mdomoni, wanataka tu uliitikie. Mimi niliitikia mtoni, kwa furaha, na bibi wa watu nusura akatwe. Kama mgonjwa hakusema kitu, waambie hakusema kitu.

Na wagonjwa wenyewe, wengine watakwambia wanamwona mtu mlangoni. Watamtaja jina, watasema amechoka, ametoka mbali, mbona humpi kiti. Utaangalia mlangoni usione mtu. Usiwabishie. Usikimbie nje kuwatangazia wenzako. Sogeza kiti, mwanangu. Kisha kaa upande wa pili wa kitanda, umnyanyue mgonjwa kichwa, umpe maji.

Nakusikia unakuja, unacheka na Minza huko uani. Naacha hapa.

Mimi niliyekuzaa,
Holo